Masta ya data za biashara: inagharimu ngapi, na inamlipa nani?

Katika familia nyingi za Kivu kuna kijana mmoja mwenye kichwa cha hesabu ambaye kila mtu anamtazama. Ni hivyo kwa familia zilizobaki Goma na Bukavu, kwa zile zilizokimbilia Uganda na Burundi, na kwa zile zilizopokelewa Marekani. Siku hizi kijana huyo akifungua simu anakutana na tangazo: masta ya uchambuzi wa data za biashara, mwaka mmoja tu wa masomo, kisha mshahara wa dola 90,000 ama 100,000 kwa mwaka. Wazazi wanaanza kuulizia bei ya parseli. Kabla parseli haijauzwa, inafaa kujua hesabu hiyo ilitoka wapi, nani aliianzisha, na nani hakuwekwa ndani yake.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Kampuni ya simu inajua kila mtu ananunua vocha siku gani na kwa pesa ngapi. Banki inajua nani alichelewa kulipa deni. Duka kubwa linajua sabuni inakwisha lini. Mwenye masta hii anachukua maandishi hayo yote, anayapanga katika kompyuta, anayapima kwa takwimu, kisha anamwambia mkubwa wa kazi: wateja hawa wako karibu kuondoka, deni hili halitalipwa, agiza sabuni mapema. Mama muuza makala sokoni Kadutu anafanya hesabu ya namna hiyo kichwani kila asubuhi. Tofauti ni kwamba kampuni ina wateja milioni kumi, na kichwa cha mtu mmoja hakiwatoshi.

Fikra ya kupima masomo kwa pesa ni ya zamani. Mwaka 1776 Mskoti Adam Smith aliandika kwamba mtu aliyesomeshwa kwa gharama kubwa anafanana na mashine ya bei: kazi yake inapaswa kurudisha kile kilichotumika, pamoja na faida. Fikra hiyo ilikaa karibu miaka mia mbili bila kufanyiwa hesabu kamili. Ilikuwa miaka ya 1950 na 1960 ambapo wachumi watatu wa Marekani, Theodore Schultz, Jacob Mincer na Gary Becker, waliikamata kwa tarakimu. Becker alitoa kitabu chake juu ya jambo hilo mwaka 1964. Schultz alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, Becker mwaka 1992.

Schultz alisisitiza jambo ambalo matangazo ya leo yanaliruka. Alisema minervali si gharama yote ya shule. Mara nyingi gharama kubwa zaidi ni ile isiyoandikwa kwenye risiti: mshahara ambao mwanafunzi angeupata kama angekuwa kazini badala ya darasani. Kijana anayeacha kazi ya dola 35,000 kwa mwaka ili asome mwaka mmoja amelipa dola 35,000, hata kama minervali ni bure. Mzazi wa kijijini anayemtoa mtoto shambani ili aende shule alijua hilo kabla ya Schultz, lakini hakuna aliyempa tuzo.

Wakati wachumi hao wakiandika, Kongo ilikuwa inatoa mfano wake. Université ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, na ile ya Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ikafuata mwaka 1956. Mwaka huohuo wa 1956 Thomas Kanza alimaliza masomo yake Louvain, Ubelgiji, na huyo ndiye anayehesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata diploma ya université. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya namna hiyo hawakufika thelathini katika nchi nzima. Miezi michache baadaye, Septemba 1960, Kanali Mobutu aliweka serikali ya Makamishna iliyojaa wahitimu wapya na wanafunzi ambao wengine hata masomo hawakuyamaliza, ikiongozwa na Justin Bomboko. Vijana waliotoka darasani jana waliendesha wizara leo.

Mtu angepima faida ya diploma mwaka ule, angepata tarakimu ya kutisha. Lakini tarakimu hiyo ilikuwa inapima uhaba wa watu zaidi ya ubora wa masomo. Ikumbukwe hivyo, kwa sababu jambo hilohilo litatokea tena nchini Marekani miaka hamsini baadaye, kwa diploma nyingine kabisa.

Mwaka 1973 Mgiriki George Psacharopoulos alitoa kitabu kilicholinganisha faida ya masomo katika nchi nyingi. Baadaye aliingia Banki ya Dunia. Jibu lake lilikuwa kwamba katika nchi maskini pesa inayowekwa shule ya msingi inazaa kuliko inayowekwa université, na kwamba université inamfaidi zaidi mwanafunzi mwenyewe kuliko taifa. Ripoti za Banki ya Dunia za mwaka 1986 na 1988 zilishauri serikali za Afrika zipunguze burse na ziwaache wanafunzi na wazazi wachangie. Wachumi wengi wamebishana na hesabu hiyo tangu wakati ule, na wana haki: faida ya daktari kwa mgonjwa wake haionekani kwenye mshahara wa daktari. Lakini ripoti zilikwisha kufanya kazi yake.

Zaire ya wakati huo haikuhitaji kusukumwa sana, maana hazina ilikuwa tupu. Burse ambayo mwanafunzi wa miaka ya sabini aliitegemea ilianza kuyeyuka, na kufikia miaka ya tisini ilibaki jina. Université za watu binafsi na za makanisa zikaanza kuchipuka: ULPGL ya Goma mwaka 1985, Université Katoliki ya Bukavu mwaka 1989, na ile ya Graben huko Butembo mwaka huohuo. Baada ya mgomo mkubwa wa walimu mwanzoni mwa miaka ya tisini, wazazi walikubali kutoa prime ili watoto warudi darasani. Ilisemwa ni ya muda. Kwa shule za msingi iliendelea hadi Septemba 2019, serikali ilipotangaza masomo ya bure. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Hakuna mzazi aliyeweza kulinganisha minervali ya leo na mshahara wa kesho, kwa sababu noti yenyewe haikufika kesho. Aliyelipa alilipa kwa imani.

Sasa Marekani. Huko, shule za biashara ni za zamani. Harvard ilianza kutoa masta yake ya uongozi wa biashara mwaka 1908. Ile ya data ni mtoto mdogo. Mwaka 2007, katika université ya serikali ya jimbo la North Carolina, mjini Raleigh, profesa Michael Rappa alianzisha Taasisi ya Uchambuzi na kozi ya masta ya miezi kumi. Mahali hapo hapakuwa pa bahati nasibu. Kampuni ya SAS, mojawapo ya kampuni kubwa za programu za takwimu duniani, ilizaliwa ndani ya université hiyohiyo na kusimama peke yake mwaka 1976. Ofisi zake kuu ziko karibu.

Miezi kumi ni jibu la moja kwa moja kwa Schultz: ukifupisha masomo, unapunguza mshahara unaopotea. Taasisi hiyo ilifanya pia jambo lingine ambalo halikuwa kawaida. Kila mwaka ilitangaza hadharani wahitimu wangapi walipata kazi, mshahara wa katikati ulikuwa kiasi gani, na gharama zinarudi baada ya muda gani. Kwa mwanafunzi anayekopa, ukurasa huo ulikuwa na maana kuliko picha zote za majengo. Shule nyingine zililazimika kuiga.

Mwaka 2011 taasisi ya McKinsey ilitabiri kwamba kufikia 2018 Marekani ingekosa watu kati ya 140,000 na 190,000 wenye ujuzi wa ndani wa data. Oktoba 2012 jarida la Harvard liliiita kazi ya mtaalamu wa data kuwa ya kuvutia kuliko zote za karne hii. Baada ya hapo milango ilifunguka. Kutoka kozi moja ya Raleigh, Marekani ilifikisha zaidi ya kozi mia mbili za masta za namna hiyo kwa muda wa miaka kumi na kitu. MIT, shule inayoogopwa na kila mtu mwenye hesabu, iliingia mwaka 2016. Minervali yake kwa sasa imepita dola 80,000 kwa kozi ya mwaka mmoja.

Bei hiyo ina historia yake. Tangu mwaka 2006 sheria ya Marekani iliruhusu mwanafunzi wa masta kukopa kutoka serikalini hadi gharama yote ambayo shule imeitaja, bila kikomo kingine. Shule ikiandika 60,000, mkopo ni 60,000. Ikiandika 80,000, ni 80,000. Muuzaji gani angeshusha bei mbele ya mnunuzi mwenye mfuko wa namna hiyo? Mkopo wa aina hiyo wa mwaka wa masomo 2024-2025 ulikuwa na riba ya karibu asilimia 9. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inaufunga kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026: kwa masta za kawaida kikomo ni dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Sheria hiyohiyo inasema kozi ya masta ambayo wahitimu wake wanapata chini ya mshahara wa katikati wa watu wenye shahada ya kwanza, miaka miwili katika mitatu, itapoteza haki ya mikopo hiyo. Yaani hesabu ya Schultz sasa imekuwa rungu la serikali.

Hapa familia inapaswa kusoma polepole, maana tarakimu ya mshahara kwenye tangazo inaweza kuwa ya kweli na bado ikadanganya. Tuseme wahitimu watano: wanne wanapata dola 60,000 kila mmoja, wa tano ameajiriwa San Francisco kwa 210,000. Wastani wao ni 90,000, lakini hakuna hata mmoja anayepata 90,000. Mshahara wa katikati, yaani wa yule anayesimama katikati wakipangwa mstari, ni 60,000. Shule ya kweli inaandika wa katikati. Tena inafaa kuuliza wangapi walijibu: kama nusu ya wahitimu hawakujibu barua ya shule, mara nyingi si wale waliopata kazi nzuri walionyamaza. Pia wale waliosema hawatafuti kazi huondolewa katika hesabu, na aliyechoka kutafuta anaweza kuingia katika kikapu hicho.

Na ziko shule ambazo hazikuishia kwenye ujanja. Mwaka 2011 wahitimu wa sheria nchini Marekani walianza kushtaki shule zao kwa madai kwamba takwimu za ajira ziliwapotosha. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba shule ya biashara ya Fox, katika Université ya Temple mjini Philadelphia, ilitoa data za uongo ili kozi yake ya masta kwa intaneti iwe namba moja. Ilisema wanafunzi wote walifanya mtihani wa kuingilia, kumbe ni karibu mmoja kwa watano. Mkuu wake, Moshe Porat, alipatikana na hatia mbele ya mahakama Novemba 2021, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi kumi na minne. Hiyo haikuwa kozi ya data, lakini duka ni la aina moja.

Serikali ya Marekani ilijaribu kuweka kipimo chake. Mwaka 2015 ilifungua daftari la hadhara kwenye intaneti linaloonyesha gharama na mapato ya wahitimu, na mwaka 2019 ikaongeza mapato kwa kila fani ya kila shule, yakitoka kwenye kodi na si kwa maneno ya shule. Ni msaada mkubwa. Lakini daftari hilo linahesabu tu waliopata msaada ama mkopo wa serikali ya Marekani. Mwanafunzi aliyetoka nje na visa ya masomo hana haki ya mkopo huo, kwa hiyo hayumo. Na katika kozi nyingi za data za biashara, wanafunzi wa kigeni ndio wengi darasani. Hivyo mzazi wa Goma anayesoma tarakimu hiyo anasoma maisha ya mtu mwingine.

Tofauti haiko kwenye akili. Mwenye visa ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi mwaka mmoja baada ya diploma. Fani ikihesabiwa kuwa ya sayansi na hesabu anaongezewa miezi 24, kwa kanuni ya mwaka 2016, na ndiyo sababu shule nyingi za biashara zilihangaika kuiandikisha kozi yao katika orodha hiyo. Baada ya miaka mitatu lazima mwajiri amwombee visa ya kazi, ambayo ina nafasi 85,000 kwa mwaka na kwa miaka mingi ilichaguliwa kwa bahati nasibu. Septemba 2025 rais wa Marekani alitia saini tangazo la kudai dola 100,000 kwa maombi mapya ya visa hiyo. Baadaye maafisa walieleza kwamba aliyemo nchini tayari na kubadilisha hali yake haguswi. Hata hivyo hesabu ya miaka kumi ya mshahara haina maana kwa mtu mwenye ruhusa ya miaka mitatu.

Mkongo aliyepokelewa Marekani kama mkimbizi anasimama upande mwingine. Kuanzia 2016 na kuendelea, Wakongo walikuwa miaka mingi kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa huko, hadi mpango huo uliposimamishwa Januari 2025. Mtu huyo anafanya kazi bila visa ya mwajiri. Akiisha kukaa katika jimbo, kwa kawaida mwaka mmoja, université ya serikali inamlipisha bei ya wenyeji, ambayo mara nyingi ni nusu ya bei ya mgeni ama chini ya hapo. Binamu wawili, mmoja Raleigh na mmoja Bukavu, wanaweza kusoma tangazo lilelile na hesabu zao zisikutane popote.

Mwaka 2017 Georgia Tech ya Atlanta ilifungua masta yake ya uchambuzi kwa njia ya intaneti, kwa jumla ya chini ya dola 10,000. Diploma inatoka université ileile ambayo darasani inadai mara kadhaa ya pesa hiyo. Mwanafunzi anasoma usiku, mchana yuko kazini.

Tuchukue dada mmoja wa kufikirika anayefanya kazi katika ghala huko Marekani kwa dola 35,000. Akienda shule ya 80,000 kwa mwaka mmoja, ametoa 80,000 na kupoteza 35,000, jumla 115,000. Nyumba na chakula angevilipa hata bila shule, ila sasa atavikopea. Tuseme atapata kazi ya 100,000. Ameongeza 65,000, na baada ya kodi tuseme zimebaki 45,000. Gharama inarudi baada ya miaka miwili na nusu hivi ya kazi, bila kuhesabu riba. Akisoma kwa intaneti miaka miwili kwa 10,000 bila kuacha ghala, kisha akapata kazi ya 70,000 tu, ameongeza 35,000, na baada ya kodi tuseme 25,000. Gharama inarudi kwa miezi mitano. Shule ya ghali itaipita ile ya rahisi mwishoni mwa mwaka wa tano tangu siku ya kwanza ya masomo, ikiwa mshahara wa tangazo ulikuwa wa kweli na ikiwa dada huyo hakuugua, hakuachishwa kazi, wala hakuwa akituma pesa nyumbani kila mwezi. Hilo la mwisho halimo katika jedwali la shule yoyote, lakini kwa Mkongo ni la kwanza.

Kwa aliyebaki nyumbani, gharama za kwanza hazina hata jina la masomo. Mtihani wa Kiingereza kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa unakaribia dola 200 ama zaidi, na unalipwa kabla ya kukubaliwa popote. Mabanki ya Goma yalifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, na kutuma dola nje kumekuwa safari ya kuvuka mpaka. Muundo wa masomo wa LMD, ulioanza kuenea nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, umeweka lisansi ya miaka mitatu mahali pa ile ya zamani ya miaka mitano, na ofisi za kigeni zinapaswa kuelezwa ni ipi kati ya hizo mbili iliyo mkononi mwa mwombaji.

Kisha kuna karatasi zenyewe. Shule za Marekani mara nyingi zinataka orodha ya alama itoke moja kwa moja université iliyoitoa, na familia iliyokimbia usiku iliacha kabati, si alama tu. Kwa hali hiyo UNESCO ilianza mwaka 2019, kwa majaribio nchini Zambia, kutoa pasipoti ya sifa za masomo kwa wakimbizi wasio na hati kamili: wataalamu wanamuuliza mtu, wanapima alichosoma, kisha wanaandika wanachokiamini. Na kwa shahada ya kwanza, burse ya DAFI, inayotolewa na HCR kwa msaada wa Ujerumani tangu 1992, inamlipia mkimbizi masomo katika nchi aliyokimbilia, Uganda ikiwa mojawapo. Maombi yake hayana ada.